Pumzi za Mama Bitna

Ukitaka kumuudhi Ma Gwang-pil, fundi mitambo wa redio ndogo ya mji wa Samcheok, mwambie kwamba sauti ya stesheni yake leo iko chini na jana ilikuwa juu. Atakuwakia kana kwamba umemtukania mama. Alikuwa na kidhibiti sauti, mashine aliyoipenda kuliko chakula. Mtangazaji akinong'ona, mashine humnyanyua, akipayuka, humkandamiza, hivyo msikilizaji nyumbani hana haja ya kugusa redio. Mshale wa mita ya kupimia sauti ukitulia palepale, Gwang-pil hukenua meno.

Mtangazaji wa asubuhi alikuwa mkewe, Seon Ok-hui, ambaye mji mzima ulimwita Mama Bitna, kwa jina la binti yao. Alifungua kipindi kwa kuuliza, "Wenzangu, mmekula?" na vikongwe wakamjibu kana kwamba amekaa nao jikoni. Nyumbani alikuwa mchache wa maneno; anayelipwa kusema, akifika kwake huona kimya ndiyo raha. Mumewe hakulalamika.

Mwaka mmoja, wakati wa baridi, kila Mama Bitna aliponyamaza kati ya habari na habari, mkwaruzo ulianza kusikika hewani. Hhh, hhh. Gwang-pil aliutambua mara moja: mashine ikikosa neno la kunyanyua, hunyanyua chochote kilichomo chumbani.

"Unaipumulia maiki mno, Mama Bitna!" alimfokea kipindi kilipokwisha. "Watu watadhani nimeajiri ng'ombe."

"Basi nifungie zizini," mkewe akajibu huku akicheka, kisha akakohoa.

Akamfungia kweli. Aliongeza kifaa kinachokata sauti mtu anaponyamaza, akakirekebisha kwa ustadi hadi pumzi zote zikapotea. Hewani Mama Bitna akasikika safi, sauti imejaa kama ya mwari. Fundi akajisifu mchana kutwa. Masikini ya Mungu, hakujua anafuta nini.

Mvua za majira ya joto zikaja na radi, na radi ikaunguza mashine kipindi kikiendelea. Gwang-pil akavuta waya kutoka kwenye maiki moja kwa moja hadi kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Kwenye hedifoni zake ikaja sauti asiyoijua, nyembamba, ikitafuta hewa kila baada ya maneno machache. Mshale wa mita ukalala. Akadhani waya ni mbovu, akaubadilisha. Akabadilisha hata maiki. Ndipo akainua macho, akamtazama mkewe kupitia kioo.

"Tangu lini?" alimuuliza walipotoka hewani.

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, mke wangu. Hiyo sauti."

Mama Bitna akavua hedifoni taratibu. "Nilikuwa nachoka, sikatai. Lakini humu kwenye hedifoni, kupitia mashine yako, nilijisikia vilevile kama zamani. Na wewe unanisikiliza kila siku, Baba Bitna. Nikasema, kama mume wangu mwenye masikio makali vile hajasema kitu, basi mimi ni mzima."

Gwang-pil alimvisha koti mkewe, akampeleka hospitali mvua ikinyesha.

Mapafu, daktari alisema, na wamechelewa. Majani yalikuwa hayajaanza kubadilika rangi walipomzika. Waombolezaji walikula supu nyekundu ya ng'ombe, wakasifu jinsi alivyotangaza kwa nguvu hadi mwisho, na kila sifa ilimchoma mumewe.

Msiba ulipoanuliwa, Bitna alimfuata baba yake studio. "Baba, niambie ukweli. Mama alianza kuumwa lini hasa?"

Gwang-pil naye alitaka kujua. Swali hilo lilikuwa linamnyima usingizi. Akatoa kanda za vipindi, zote zilizorekodiwa baada ya kupita kwenye mashine. Wakasikiliza za vuli, za baridi, za machipuko. Alikaza macho kwenye mita akingojea mshale ushuke, walau kidogo. Haukushuka. Binti alianza kulia, na yeye akazima.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kwenye kanda zangu mama yako hakuumwa hata siku moja."