Nusu Chupa ya Maua ya Mchungwa

Mchungwa wa nyuma ya jiko langu ukichanua, mimi hufunga dirisha. Wanangu hucheka: "Mzee anaogopa hata maua!" Wacheke tu. Nyinyi nitawaambia.

Baba alifanya kazi Tororo, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Siku moja alimletea mama kichupa kidogo kama kidole, mafuta yaliyotolewa katika maua ya mchungwa. Jumapili mama alijipaka tone moja nyuma ya sikio, na kanisa zima la Buteba likajua ameingia.

Kisha homa ikamchukua baba. Kwetu mjane hukaa mkekani, haogi kwa sabuni wala hajipaki chochote, mpaka siku ya kunyolewa nywele, matanga yakiisha. Hayo sikuyajua. Wenzangu walikuwa mtoni. Mimi, hodari wa kulinda vyungu, nilibaki nyumbani kama kawaida yangu, namtazama mama amelala mchana, amekauka kama jani la tumbaku. Nikaona amekosa Jumapili yake. Nikatoa kichupa sandukuni, nikammiminia kwenye kitambaa cha kichwa. Si tone, nusu chupa. Fundi wa huruma!

Senge, dada yake baba, akaingia na uji. Akasimama, akavuta pumzi.

"Wifi! Kaburi la ndugu yangu halijakauka, wewe unajipaka marashi kwa ajili ya nani?"

Mama akaamka, akanusa. Akaniona nyuma ya mlango, kichupa mkononi. Nikaanza kulia hata kabla sijapigwa.

"Ni mimi," mama akasema. "Nisamehe, wifi."

Hakusamehewa. Wazee walikaa, wakasema mjane wa namna hiyo ana mume mwingine. Arudi kwao, ng'ambo ya mpaka. Mimi ni wa ukoo, nibaki. Akavuka pale Busia na kifurushi kichwani, hata kunyolewa hakunyolewa.

Nilimkasirikia miaka mingi. Nilidhani alikuwa na haraka ya kuniacha. Nilipokwisha kuoa ndipo nilipovuka mpaka na kuthubutu kumwuliza kwa nini hakunitaja. Alikuwa akichambua mboga.

"Wangesema wewe ndiwe uliyeleta mkosi. Mtoto wa mkosi nani atampa shamba? Mimi nilikuwa na kwetu, baba. Wewe kwenu ni huko huko."

Njiani nikirudi nilipiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Siku ile mimi nilikuwa na miaka saba. Yeye, niliyemwona mtu mzima wa kuweza yote, alikuwa na ishirini na mitatu.