Mbegu za Mathenge Bwawani

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa. Mimi niliishia darasa la saba, na waliosoma zaidi wataona makosa. Wayaone tu.

Kikundi chetu cha Lodwar kina mabwawa matatu ya samaki wa ngege kando ya mto Turkwel, na moja nalitunza mimi. Tulikuwa tunawalisha unga wa samaki wadogo wanaokaushwa Kalokol, kule ziwani. Mwezi mmoja unga uliadimika, nikafuata gunia la hao samaki hadi soko la Kakuma. Mama mmoja wa Sudan Kusini alikuwa amelishika upande mmoja, nami nikashika wa pili.

"Dada, wewe iko na watoto ngapi?" akaniuliza.

"Si ya watoto. Ni ya samaki wangu."

Alicheka mpaka akaliachilia. "Samaki yako inakula samaki! Na watoto yangu inakula nini?"

Nilimwachia gunia. Nilipofika nyumbani nikamwambia mwenyekiti wa kikundi kwamba bwawa langu halitaonja tena unga wa samaki. Nitalilisha mathenge, ule mti wa miiba uliotujaa kila mahali.

"Sawa, jaribu mavuno moja," alisema. "Samaki wako wakiwa wadogo kuliko wetu, bwawa unarudisha kwa kikundi."

Nikakubali.

Kosa la kwanza lilikuwa la mtu aliyekua akichunga mifugo. Nilimwaga maganda ya mathenge mazima na mbegu zake ndani, vile tunavyomwagia mbuzi. Yakaelea, yakaoza, nikazika samaki beseni nzima. Mwenyekiti akapita hapo, akanisalimu kwa lugha yetu. "Ejok, mama! Na hawa unakamua lini?"

Nilistahili. Baadaye nilikaanga zile mbegu, nikazitwanga, nikachanganya na soya ya kuchemsha na mashudu ya alizeti yanayoletwa na lori kutoka Kitale, nikafinyanga vidonge na kuvianika. Siku mbili samaki walivitema. Siku ya tatu wakala.

Siku ya kuvua, wangu walikuwa wafupi kuliko wa wenzangu kwa upana wa vidole viwili. Mwenyekiti hakupima kwa hila, lazima niseme. Hata aliniacha nichague wakubwa wangu mwenyewe. Nilichagua, na bado walikuwa wafupi.

"Ulikubali, mama," alisema, tena kwa upole.

Nilikubali, ndiyo. Simpendi mtu anayevunja neno lake, na hilo linanisumbua hata sasa ninapoandika.

"Nilikubali vibaya," nikamwambia. "Tumepima urefu peke yake. Hatujapima wamekula chakula ya nani."

"Hiyo si maneno ya kikundi."

"Basi kikundi kinitoe."

Nikachukua ndoo ya vifaranga vya samaki wa mavuno yajayo, nikaingia bwawani na nguo zangu, maji yakanifika kiunoni, nikaanza kuwaachilia kidogo kidogo, wanakikundi wote wakiangalia. Labda nimekosea. Lakini anayelitaka bwawa hili aingie huku ndani anitoe.