Lori Lisirudi Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari. Nilikaa juu ya pipa katika karakana ya kampuni ya umma ya usafirishaji, pale Dodoma mjini, nimevaa shati nililofungia ndoa, nikisubiri kuambiwa lori langu ni lipi. Baada ya muda mrefu Mkuu wa Karakana akatoka chini ya gari, akajifuta mikono, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye dereva mpya?"

"Ndiye mimi."

"Njoo usikilize injini hii. Usiseme kitu, sikiliza tu."

Nikasikiliza asubuhi nzima. Akailegeza hapa, akaikaza pale, na kila mara akaniuliza kama nasikia tofauti. Mwanzoni sikusikia lolote. Kufikia adhuhuri nikaanza kutambua injini inapolalamika, na kwamba dereva akibadili gia wakati huo huo, wala asingoje, gari hupanda mlima bila kutoa moshi mweusi. "Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua," alisema. "Dizeli haimalizwi na barabara, kijana. Inamalizwa na mguu wa dereva." Alikataza pia kushuka frii, yaani kuondoa gia kwenye mteremko ili gari liserereke lenyewe. Madereva wengi walidhani ni akiba. Yeye alikwisha kuwazika wawili waliofikiri hivyo.

Nilifanya kazi pale chini ya mameneja watatu. Wa kwanza alinipeleka kituo cha Singida, wa pili akanihamishia Kongwa. Wa tatu ndiye aliyekuja kufunga milango. Alituita sote Dodoma, uwanjani, asubuhi moja. "Ndugu zangu, sasa ni wakati wa soko huria. Serikali inajitoa katika biashara," akasema, kisha akatangaza kwamba kampuni inafungwa. Watu wakaanza kulalamika. Mkuu wa Karakana hakunung'unika. Aliingia ndani, akazipanga spana zake kwa ukubwa, akafunga mlango, akamkabidhi Meneja funguo kwa mikono miwili.

Mimi na mke wangu Mariamu tulichukua kiinua mgongo changu, tukaongeza ng'ombe aliorithi kwa baba yake, tukanunua lori moja kuukuu la tani saba. Mariamu ni Msandawe wa Farkwa, huko Chemba, na ng'ombe wale ndio walikuwa kumbukumbu pekee ya wazazi wake. Siku ya kuwauza alimshika mmoja pembe, akamwambia maneno kwa Kisandawe, kisha akageuka na kutembea mbele yangu njia nzima.

Tukaanza kama walivyoanza wote: mahindi kutoka soko la Kibaigwa kwenda Dar es Salaam. Dalali anakutafutia mzigo, magunia yanajazwa lumbesa, yaani yanashindiliwa mpaka yanaota kichwa juu ya mdomo wa gunia, na wewe unaondoka gari limelemewa. Ukishapakua, unarudi tupu, kwa sababu mizigo ya kupanda huku bara ilikwisha kushikwa na wenye malori mengi. Na bei ya dizeli, iliyokuwa ikipangwa na serikali, sasa ilikuwa ikipanda kila tulipopepesa macho. Nilikuwa nikifika nyumbani Mkonze nimechoka, na mkononi sina cha kumpa mke wangu ila pole.

Mfanyabiashara mmoja wa Kibaigwa akataka kulinunua lori. Nikamwambia Mariamu kwamba nimeamua kuuza.

Alikuwa akipepeta uwele. Hakuacha kupepeta. "Baba Tabu, gari linakwenda limeshiba, linarudi na njaa. Tatizo ni gari au ni safari?"

"Ni dizeli, Mama Tabu."

"Dizeli tunanunua sawa na wenzetu. Kwetu Farkwa watu wanatembea siku nzima kutafuta chumvi. Alizeti yao inaozea ndani kwa kukosa gari. Wenye malori hawaendi, wanasema njia mbaya na watu hawaelewani nao. Mimi naelewana nao."

Akanieleza alichokuwa akikiwaza peke yake kwa miezi. Kutoka Dar tupande na chumvi, sabuni na mafuta ya taa ya kununua wenyewe, hata kama ni kidogo. Tupitilize mpaka Farkwa. Kule yeye atangulie kwa basi na kwa miguu, akusanye alizeti na ufuta mahali pamoja, ili lori likifika lipakie na kuondoka, lisingoje injini ikiwaka. Kutoka Farkwa tushushe Kibaigwa, tupakie mahindi ya Dar. Pembe tatu, na kila upande una mzigo.

"Na injini?" nikauliza. "Inakunywa kuliko ng'ombe wa kiangazi."

"Mtafute aliyekufundisha kuisikiliza."

Nilimkuta Mkuu wa Karakana nyumbani kwake, amekaa kibarazani, mikono safi. Mikono ile safi ndiyo iliyoniumiza. Mkewe alininong'oneza kwamba tangu kampuni ifungwe huwa anaamka alfajiri, anavaa ovaroli, kisha anakaa. Nilipomwambia nina lori linalotoa moshi mweusi, alisimama kabla sijamaliza sentensi.

Alizifungua nozeli, vile vipulizio vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini, akazisafisha, moja akaikataa kabisa. Akairekebisha pampu. Akazipima tairi upepo, akasema tairi laini ni breki inayokunywa mafuta. Nilipouliza ujira wake, akanitazama kama nimemtukana.

"Nina ombi," akasema. "Miaka yote nimeyatengeneza malori. Yanatoka getini mazima, yanarudi mabovu. Sijawahi kuyaona yakifanya kazi. Nichukue safari moja."

Basi tukaenda naye safari ya kwanza ya Farkwa. Tulikuwa tumenunua chumvi na sabuni kwa kila tulichobakiwa nacho, na Mariamu alikuwa ametangulia. Mvua ikatuwahi. Mto Bubu, ambao kiangazi ni mchanga mtupu, tuliukuta umejaa, maji mekundu yakipita na matawi ya miti. Ng'ambo niliona watu, na mbele yao Mariamu, kitenge kimemlowa mwilini. Nyuma yetu mawingu mengine yalikuwa yanakuja. Turubai letu lilikuwa na viraka. Chumvi ikiyeyuka, biashara imekwisha, na ng'ombe wa baba yake wamekwenda bure.

Nilifikiri kugeuza gari. Mariamu akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Baba Tabu! Wazee wanasema maji yatapungua kesho! Usigeuze!"

Tukalala pale. Mkuu alivua koti lake, akaliweka juu ya kiraka kikubwa cha turubai, akaketi juu yake mvua ikimnyeshea. Nilimsihi ashuke, akakataa.

Asubuhi maji yalikuwa magotini. Vijana na kina mama wakashuka mtoni, wakatandika matawi juu ya mchanga ili tairi zisizame. Mkuu alilegeza mkanda wa feni, ili feni isirushe maji kwenye injini, akaniambia, "Gia ya kwanza, na usikanyage klachi mpaka ng'ambo." Katikati lori likasita. Nikasikia mabega ya watu yakigonga bodi kwa nyuma, na sauti ya Mariamu ikiwaongoza kwa Kisandawe, lugha yake ya kugonga ulimi. Likapanda ukingo.

Farkwa walimpa Mkuu kigoda, uji na asali. Alizeti ilikuwa imepangwa tayari, magunia yameshonwa vizuri, hakuna lumbesa. Bibi mmoja aliipokea chumvi yake, akaionja pale pale, akacheka peke yake. Mkuu alimtazama kwa muda mrefu. "Kumbe huku ndiko yalikokuwa yakienda malori yangu," akasema polepole.

Tangu safari ile tulipata faida. Haikuwa kubwa, lakini ilitosha kusomesha wanetu na kubadili bati la nyumba. Dizeli haikushuka bei hata siku moja. Mkuu aliendelea kuja Mkonze kulikagua lori mpaka miguu ilipomkatalia, na kwenye mazishi yake tulibeba wageni kwa lori hilo hilo.

Vijana wenye malori huja kuniuliza siri. Nawaambia waijue injini, waujue mto, na kwanza kabisa wawajue watu wanaowangoja mwisho wa barabara. Wengine huona kama nawapiga chenga.

Macho yangu yalipoanza kuchoka, tulipata mnunuzi wa lori, kijana mstaarabu wa Kibaigwa. Siku ya kukabidhi, Mariamu aliomba alifagie kwanza. Alifagia, akapangusa kioo, kisha akakaa kwenye kiti cha abiria, mikono mapajani, akitazama mbele kama tuko safarini. Kijana alisimama nje na funguo zake. Akaniangalia, akiuliza kwa macho.

"Mwache kidogo, mwanangu," nikamwambia. Nami nikazunguka upande wa pili, nikapanda, nikakaa naye.