Huenda ya Mzee Wesonga

Kuna watu ukiwaambia kiatu kimeisha, watakuonyesha jinsi kinavyong'aa kwa juu. Mzee Jackton Wesonga wa Ngara alikuwa mtu wa aina hiyo, na msinicheke mapema, maana wengi wetu tuko naye kwenye foleni.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la jumla la sufuria. Alikuwa mpima ardhi, saveya, yule bwana anayekuja na mashine yenye darubini juu ya miguu mitatu, akakuonyesha ploti yako inaishia wapi na ya jirani inaanzia wapi, kisha anachimbia pale jiwe la mpaka, lile wanaloliita bikoni. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mmoja. Kuanzia Kangemi mpaka Spring Valley, mafundi wa mjengo walikuwa na msemo wao: jiwe la Wesonga halina swali. Wanajenga juu yake bila kugeuka nyuma. Mzee aliujua huo msemo, akaupenda kupita kiasi, na ndipo balaa lilipoanzia.

Mashine yake aliinunua ikiwa mpya, wakati yeye mwenyewe angali na nywele. Ilikuwa nzuri, nani atabisha? Lakini chuma nacho huzeeka. Kile kitako kinachoishika isizunguke ovyo kilikuwa kimelika. Unailenga kwenye jiwe, unainama kuandika, ukiinuka unakuta imejisogeza kidogo, na namba za kwenye kioo hazina habari. Sasa Wesonga akafanya nini? Akachukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaukata ukanda mrefu, akakifunga kitako mara tatu, akakaza fundo. Eti dawa!

Fahim, mwenye duka la vyombo vya upimaji kule mjini, alipouona mpira ule alishika kiuno.

"Mzee wangu, huu ni wa kufungia mzigo kwenye baiskeli. Mashine haifi mara moja kama balbu. Huanza na uongo mdogo mdogo. Ukishaanza kuifungafunga, jua imekwisha."

"Wewe unauza mashine," Wesonga akamjibu. "Utaniambia nini kingine?"

Na msidhani ni shida ya pesa. Binti zake wawili walikuwa wamekwisha kumwambia, baba, sema tu, tutakuongezea. La. Siku moja Fahim alimpa mashine mpya aijaribu, zile zinazosoma setilaiti. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kioo kikamwuliza swali asilolielewa. Fahim akanyoosha kidole kimoja, akamtatulia, kwa upole kabisa, kama mtu anayemvusha babu barabara. Wesonga alitoka mle dukani masikio yanamwaka moto. Hakukanyaga tena.

Na alijua. Hilo ndilo linalonikera mimi ninayesimulia. Zamani kila Jumatatu asubuhi alikuwa akipanda juu ya paa la jengo lao, analenga msalaba wa kanisa la ng'ambo, anazungusha mashine duara zima, anarudi kuangalia kama namba ya msalaba ni ileile. Mwaka juzi namba ilikataa. Akafunga mpira, ikakubali. Wiki tatu baadaye ikakataa tena. Basi mzee wa watu akaacha kupanda paa.

Sheria yake kuu aliyowafundisha wote waliopita mikononi mwake ilikuwa moja: rudisha jicho nyumbani. Maana yake, ukishapima na kuweka jiwe, kabla hujafunga vyombo, geuza darubini uangalie lile jiwe la kwanza ulilolenga ulipoanza. Kama halipo ulipoliacha, mashine imesogea, na kazi yako yote ni hewa. Aliyeishika sheria hiyo kuliko wote ni Selpher Were, binti aliyemshikia fimbo ya kupimia miaka tisa, akasoma jioni jioni, akafuzu, na sasa ana ofisi yake Westlands. Akikutana naye bado anamwita Mwalimu.

Mwezi wa tatu Wesonga aliitwa Kitisuru kwa Bi Shahida, mama wa Kipwani anayeuza leso na vitambaa mjini, aliyekuwa anataka kujenga. Mawe matatu ya ploti yalikuwepo, la nne lilikuwa limepotea. Wesonga akapima, akalichimbia jipya upande wa jirani. Wingu likawa limeshuka, zito, jeusi. Mshika fimbo wake akamwuliza, "Mzee, turudishe jicho?"

"Nimefanya hii kazi kabla hilo wingu halijazaliwa," akasema. "Funga vitu twende."

Wakaenda.

Mvua ilipokata, fundi Mbaluka akaingia kuchimba msingi. Huyu Mbaluka ni mtu wa Mwingi anayekaa Kangemi, mkimya, mwenye tabia moja iliyowachekesha vibarua wake. Kila asubuhi huweka pimamaji, kile kipimo cha usawa, juu ya tofali, husoma povu, kisha hulipindua pimamaji lenyewe ncha kwa ncha na kusoma tena, lisije likamdanganya. Akiridhika, ndipo anagusa mwiko. Bikoni alizikuta, akafunga uzi kutoka jiwe hadi jiwe, akachimba, akamwaga zege, akainua kozi tatu za mawe. Hakuuliza swali. Jiwe la Wesonga, utauliza nini?

Aliyeuliza ni jirani. Akaleta mpima wake mwenyewe, na katika Nairobi nzima hakumpata mwingine ila Selpher.

Siku ya Alhamisi asubuhi wakakutana wote pale. Selpher alisimamisha mashine yake mpya, akapima kimya kimya, akapima tena, akarudisha jicho nyumbani, kisha akaenda akachuchumaa kando ya lile jiwe la nne. Lilikuwa limeingia kwa jirani shubiri moja na vidole vinne, na msingi wa Bi Shahida umelifuata.

Selpher akainua macho. Akaiangalia mashine ya mwalimu wake iliyosimama pale na ule mpira wa baiskeli kiunoni. Akamwangalia mwalimu. Wesonga akaangalia viatu vyake.

"Hili jiwe limesogea," Selpher akasema haraka. "Hutokea sana, Mama, watu wakichimba msingi karibu."

Lo! Alitaka kumfunika mzee wake nguo, jamani, lakini nguo yenyewe aliivua mgongoni mwa mtu mwingine. Bi Shahida aligeuka pale pale.

"Mbaluka! Mumeligusa jiwe hili?"

"Hapana, mama. Hatujaigusa. Hiyo jiwe tumeikuta hivyo, hata majani hatukutoa hapo kando. Muulize mzee, iko vile aliiweka."

"Bwana Wesonga, wewe ndiye uliyelitia. Wasemaje?"

Hapo hata vibarua waliokuwa wakikoroga zege wakasimamisha makoleo. Wesonga aliuona ukweli mdomoni mwake, tayari kabisa, umebaki kutoka tu. Aliuona pia ule msemo wa mafundi ukianguka chini na kuvunjika mbele ya jirani, mbele ya mwanafunzi wake. Akakohoa.

"Huenda," akasema.

Neno moja tu. Bi Shahida hakuhitaji la pili. Kufika saa nne Mbaluka alikuwa amekunja uzi wake, ameweka mwiko na pimamaji kwenye gunia, na anatoka getini bila kuaga. Vibarua walimtazama Wesonga. Wesonga akajifanya anafungua miguu ya mashine.

Alipofika Ngara, simu ikalia.

"Mwalimu," Selpher akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Leo nimesema uongo kwenye kazi kwa mara ya kwanza. Nilidhani utanikatiza."

Wesonga alikata simu, yeye mtu mzima, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Kisha akabeba mashine akapanda paa, mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Akalenga msalaba. Akazungusha duara. Akarudi. Namba ilikuwa imekwenda mbali sana. Akakaza mpira, akarudia, ikaenda mbali upande wa pili. Alikaa juu ya tangi la maji akaona haya peke yake, haya ya kweli, ile inayokufanya ujifunike uso hata kama hakuna mtu. Mficha uchi hazai, mama yake alizoea kusema kule Busia, na yeye alikuwa ameficha wake kwa ukanda wa baiskeli.

Jumamosi asubuhi akaenda Kangemi, pale kando ya barabara mafundi wanapoketi na vyombo vyao wakingoja mtu mwenye kazi. Njiani alijipangia maneno. Alijua Mbaluka atamtukana, na alitaka atukanwe, maana matusi yangempunguzia mzigo. Akamkuta ameketi juu ya gunia lake.

Mbaluka alipomwona akasimama, akavua kofia.

"Mzee, nisamehe."

Wesonga akadhani amesikia vibaya.

"Nimefikiria sana hii maneno," Mbaluka akaendelea, kofia anaizungusha mikononi. "Kuna siku wilbaro ya mchanga iligonga hapo karibu na hiyo kona. Kidogo tu. Mimi nilisema haikufika kwa jiwe. Lakini lazima ilifika, kwa sababu jiwe yako haiwezi kosea. Nikabishana na wewe mbele ya mama na ya wale watu. Hata mke wangu nimemwambia, hiyo siku nilikosea mzee wa watu adabu."

Ee Mungu wangu! Wesonga alitafuta pa kushika, akashika mlingoti wa taa. Yale maneno yote aliyoyapanga njiani yakayeyuka. Mtu huyu alikuwa amekaa siku mbili anajichimba, anajitafutia kosa lake mwenyewe, mpaka amelipata, na amelipata kwa sababu aliliamini jiwe kuliko macho yake.

"Beba gunia lako," Wesonga akasema. "Twende Kitisuru."

Bi Shahida aliwakuta wamesimama kwenye msingi. Wesonga akasimamisha mashine, akalenga jiwe la kwanza, akamwita Mbaluka aweke jicho.

"Unaona nini?"

"Jiwe. Iko katikati kabisa."

Akazungusha mpaka jiwe la nne, akarudi kwenye namba ileile aliyoanzia, akamwambia aangalie tena. Mbaluka akaangalia. Akakaa na jicho pale muda mrefu.

"Naona majani," akasema polepole. "Jiwe haiko."

"Ndivyo ilivyokuwa ile siku," Wesonga akasema. "Na sikuangalia. Jiwe halikusogea, Bi Shahida. Mbaluka hakuligusa, wala wilbaro haikuligusa. Nililiweka mimi, nikalikosea. Alhamisi nililijua hilo, nikasema huenda."

"Na ubovu wa mashine ulikuwa waujua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Bi Shahida akaukaza mtandio kichwani. Hakupaza sauti, na Wesonga angefurahi kama angepaza.

"Mwaka juzi! Nami nikamfukuza mtu wa watu kama mwizi, wallahi, kwa neno lako. Sikuikodi mashine mimi, Bwana Wesonga. Nilikukodi wewe." Akamgeukia Mbaluka. "Baba, niwie radhi. Kazi ni yako."

"Msingi nitaubomoa na kuujenga upya kwa gharama yangu," Wesonga akasema.

"Hilo hukuombwa, hilo ni lazima," akajibiwa.

Mbaluka akafungua gunia, akatoa pimamaji, akaliweka juu ya tofali, akasoma, akalipindua, akasoma. Kisha akasema bila kumtazama, "Pimamaji ya kwanza niliyonunua ilinidanganya ukuta mmoja. Niliivunja siku hiyo hiyo, na sikuwa na ingine." Wala hakuongeza neno mzee mwishoni.

Jumatatu mashine ile ilibaki kwa Fahim, mpira na vyote, na Wesonga akaandikisha jina lake kwenye mafunzo ya zile mpya, akauliza maswali yake ya kijinga mbele ya watu wenye umri wa binti zake. Jumatano Selpher alikwenda Kitisuru kuliweka jiwe la nne upya. Aliyemshikia fimbo ya kupimia ni Wesonga, aliomba mwenyewe. Selpher alipomaliza akageuza darubini, akarudisha jicho nyumbani, akatikisa kichwa kukubali. Mzee akalishindilia lile jiwe kwa mikono yake.

Mbaluka akaja na uzi. Akainama nao mpaka kwenye jiwe, akasita, akainuka.

"Dada," akamwambia Selpher, "hii jiwe umeiangalia mara mbili?"

"Mara tatu," Selpher akajibu.

Mbaluka akafunga uzi. Wesonga alisimama pale na fimbo mkononi, macho chini. Miaka thelathini na mmoja, hakuna fundi aliyewahi kuuliza swali hilo akiwa amesimama kando ya jiwe lake.