Mbegu Nilizoziosha

Nilipokuwa na miaka kumi, mwaka 2016, Koko, mama yake baba, alikuja kukaa nasi Troyeville, Johannesburg, kutoka milima iliyo juu ya Uvira, Kongo. Alileta vitu viwili ambavyo hakutaka mtu aviguse: fundo la kitambaa lenye mbegu za klova, majani ya malisho, mbegu ndogo kama za mchicha, na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo wa malisho ya ng'ombe wake.

Baba alikuwa na sungura wawili, na Koko alitaka wawe wanakula klova ya kwao milimani. Mgongo wake ulikuwa haukubali tena kuinama, hivyo kazi ikawa yangu: nizilowanishe mbegu kwa maji ya sukari, nizifikiche na ule udongo mpaka kila moja ivae koti, kisha nizipande chini ya dirisha la chumba nilicholala na Koko, pale penye kitanda changu.

"Kwa nini, Koko?"

"Mu ile udongo muko benyewe. Ni bo banalisha mbegu. Mbegu yenye haina benyewe inasikia njaa, inatafuta mutu wa kula humu nyumba."

Benyewe, yaani wenyewe, wenye udongo wasioonekana: niliogopa. Lakini vijidudu niliviogopa zaidi. Shuleni tulifundishwa kunawa mpaka viwiko. Udongo ulinuka samadi, na ndani yake niliona unywele mwekundu wa ng'ombe. Niliumwaga wote kwenye mfereji wa maji machafu, nikaziosha mbegu mara tatu katika chujio la chai, nikazipanda zikiwa safi.

"Umemaliza, aka katoto ka Joburg?"

"Sharp, Koko," nikasema, yaani tayari.

Klova ikaota, majani matatu matatu, kila moja na alama nyeupe. Kisha ikaanza kuwa njano, kuanzia majani ya chini. Koko aliniambia ning'oe mche mmoja. Akapitisha kidole kwenye mizizi, taratibu, akitafuta vivimbe vidogo.

"Hakuna punje. Benyewe habakufika."

Akaniangalia. Ningeweza kusema pale pale.

"Eish, Koko, labda ni baridi."

"Labda," akasema. "Leo weye utalala kwa kitanda yangu. Pa dirisha nitalala mimi."

Kioo cha dirisha lile kilikuwa na ufa. Alianza kukohoa Juni. Tulimzika Julai, na sikuwa nimesema.

Mwaka wangu wa pili chuoni, mwalimu alipasua punje ya mzizi wa klova mbele yetu. Ndani ilikuwa ya waridi kama ufizi. Humo wanaishi bakteria wanaoulisha mmea, alieleza, na aina fulani za klova hazikui vizuri bila bakteria wa kwao. Ndiyo maana wakulima wa zamani walihamisha mbegu pamoja na udongo. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje.

Wenyewe walikuwepo, basi. Nusu ya maneno ya Koko nimeiona kwa hadubini. Kuhusu nusu ya pili, najua homa ya mapafu ni nini, na najua baridi ya Juni hupitaje kwenye ufa wa kioo. Ila najua pia kitanda kile cha dirishani kilikuwa cha nani.