Mlango Ambao Chapchap Hakuuchora

"Mlango ulikuwepo."

"Haukuwepo."

"Nakwambia ulikuwepo! Wewe ndiye hukuwepo."

Mashine ya fotokopi inaendelea kutema karatasi, hakuna wa kuzipokea. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na foleni ya watu watano imesahau shida iliyoileta. Mwanamke aliyeinamia kaunta ni fundi cherehani. Sindano mbili bado zimechomekwa kwenye kola yake. Anayejibizana naye, mwanamume mrefu mwenye wino vidoleni, ni mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada, tuongee nje basi."

"Nje tutatokea wapi? Wewe si nyumba zako hazina milango?"

Mzee mmoja kwenye foleni anakohoa. "Jamani, malizaneni na huo mlango wenu. Mimi nataka nakala mbili za kitambulisho, basi."

Mlango wenyewe uko kwenye karatasi. Au tuseme hauko, na ndiyo kesi yenyewe.

Mwanamume huyu wanamwita Chapchap. Ana miaka thelathini na mmoja. Mchana anatoa fotokopi. Wateja wakipungua, anafungua daftari la hesabu lenye vyumba vidogo vidogo na kuchora ramani za mchezo.

Mchezo hauna picha wala sauti, ni maneno matupu. Watu thelathini, kila mmoja na simu yake, wanaandikiana kwenye kundi. Mimi ni mlinzi wa daraja. Mimi ni mwizi wa farasi. Nachomoa panga, napanda ukuta. Refa anarusha kete na kuandika kilichotokea.

Sasa maneno matupu yanapoteza watu. Mmoja anadhani mto uko kushoto, mwenzake kauweka kulia, matusi yanaanza. Hapo ndipo anaitwa Chapchap.

"Wananiandikia: tunataka kijiji, kisima katikati, msitu nyuma, na tunakitaka sasa hivi," anasema. "Dakika ishirini, kimefika."

Vifaa vyake vinaingia mfukoni: kalamu ya wino, rula iliyovunjikia kwenye kumi na saba, na kizibo cha chupa cha kuchorea visima. Chumba kimoja cha daftari ni hatua moja ya mtu. Akimaliza anapiga picha, anatuma. Penseli hagusi.

"Penseli inakufundisha kusitasita. Ukisitasita, mchezo umeshakuacha."

Amechora zaidi ya mia nne. Malipo ya ramani moja yanatosha mkate na chai, na siku nyingine chai bila mkate. Lakini kwenye kundi anaheshimiwa kuliko dukani, kwa sababu refa ana sheria moja ambayo haina rufaa: kisichochorwa hakipo. Kama Chapchap hajachora ngazi, ghorofani hupandi, hata uwe na mbawa.

Kasi hiyo ina siri yake. Chapchap habuni kitu. Anachota sehemu anazozijua. Ngome ya mfalme ni shule aliyosoma. Gereza ni stendi ya mabasi. Na wiki iliyopita refa alipoomba nyumba ya wageni, ya kizamani, yenye vyumba vinne, mkono ulijiendea wenyewe. Akachora nyumba ya mama yake.

"Sikufikiria hata kidogo. Sebule hapa, chumba cha mama hapa, jiko kule nyuma. Ile nyumba naweza kuichora nimefumba macho."

Na kweli alifumba.

Mhudumu wa nyumba ile ya wageni kwenye mchezo alikuwa bibi mmoja anaitwa Mama Ufunguo. Kila aliyecheza anamjua. Hatembei, anakaa kitini akitunza funguo za wasafiri, na mdomo wake ni wembe. Mtu akimpa pole ya miguu anajibiwa: "Miguu ndiyo imegoma, mdomo bado uko kazini." Anayemwandika hujiita Sindano. Kwa miaka miwili Chapchap na Sindano wametaniana kwenye kundi kama watani wa siku nyingi.

Alhamisi jioni majambazi wa mchezo waliichoma nyumba ile kwa mbele. Wasafiri wakaruka madirishani. Sindano akaandika: Mama Ufunguo anasukuma kiti chake, anatoka kwa mlango wa jikoni.

Refa akaangalia ramani. Jikoni hakuna mlango.

Sindano akaandika tena, mlango wa jikoni upo. Refa akajibu, haujachorwa. Mara ya tatu Sindano akamwita mchoraji mwenyewe, mbele ya watu wote: Chapchap, waambie.

"Nikawaambia," Chapchap anasema, na hapo anajishughulisha na kufunga kifuniko cha kalamu ambacho kimeshafungwa. "Niliandika: nyumba hii naijua mimi, jikoni hakuna mlango. Nikaweka na alama ya kicheko."

Kete zikarushwa. Mama Ufunguo akafia jikoni. Kwenye mchezo huu, aliyekufa harudi. Sindano akatoka kwenye kundi bila kuaga.

Asubuhi ya Jumamosi Sindano akaingia dukani kwa miguu yake, na sindano mbili kwenye kola.

Dada mtu haongei na mtu yeyote kwa mzunguko. Ukimuuliza kwa nini alificha kwamba Sindano ni yeye, anakujibu huku anakata uzi kwa meno.

"Sikuficha mimi, alificha mama. Aliugua miaka mitatu. Kijana wake yuko mji mwingine, kila mwezi anakuja mwezi ujao. Nikamwonyesha mama mchezo, nikamwambia hizi ramani anachora mwanao. Akasema niingize na mimi. Mwaka mzima maneno ya Mama Ufunguo yalitoka kinywani mwake. Mimi nilikuwa kidole tu."

Kwa nini hawakumwambia?

"Alinikataza. Alisema, ukimwambia atatukimbia na humo pia."

Mama alifariki miezi kumi na moja iliyopita. Dada akaendelea kumwandika peke yake, kwa maneno aliyoyazoea. "Ilikuwa sehemu pekee ambayo bado anajibu watu," anasema, na kurudi kwenye cherehani.

Na mlango? Mlango ulitobolewa ukutani mwaka ule ule miguu ilipogoma, kwa sababu mbele kuna vidato vitatu na kiti cha magurudumu hakipandi vidato. Dada ndiye aliyemwita mwashi. Chapchap alikuwa ameshaondoka. Alirudi siku ya mazishi, akakaa uwanjani mbele na wanaume wengine. Tangu hapo amepanga chumba karibu na duka, na akimtembelea dada yake ni kama mgeni: sebuleni, kikombe kimoja, kwaheri. Jikoni hajakanyaga.

Lakini hilo silo linalomtafuna.

"Mama aliniambia," anasema. Sauti inashuka mpaka mashine inaimeza, inabidi arudie. "Alinipigia simu. Akasema, mwanangu, nimewekewa mlango wangu mwenyewe, natoka na kuingia kama malkia, njoo uuone. Nikasema ehee, ehee, nitumie picha. Nilikuwa nachora, kuna watu walikuwa wananisubiri. Hata picha yenyewe sijui kama niliifungua."

Amemwomba refa airudishe nyuma jioni ile ya Alhamisi. Refa amekataa: ramani ikishachezewa haiguswi, nikianza na wewe watadai wote. Chapchap hana la kumlaumu, kwa sababu sheria hiyo ndiyo iliyompa heshima.

Jumapili mchana, jua limesimama, anafika nyumbani kwa mama na daftari, rula yake nusu na futi ya kupimia aliyoazima kwa seremala. Safari hii hapiti mbele. Anazunguka nyuma.

Mlango upo. Mpana, umepakwa rangi ya kijani isiyofanana na kitu chochote kwenye nyumba ile, na mbele yake kuna mteremko wa saruji. Kwenye saruji magurudumu yameacha mistari miwili, maana saruji ilipitwa kabla haijakauka vizuri. Miimo yote miwili imechubuka kwenye kimo cha mkono wa mtu aliyekaa.

Anapima. Mita moja na sentimita kumi. Anaandika. Anapima tena, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani mwake.

Dada yake yuko kwenye kamba, anaanika. Hamkaribishi, hamfukuzi.

Mpango wa Chapchap ni huu: achore nyumba upya, na ampelekee refa kama ramani mpya ya hadithi mpya, mlango ukiwa wa kwanza kuchorwa. Mama Ufunguo hatarudi, ila anaweza kuwa na dada, au pacha, mwenye mdomo ule ule.

"Utamwandika?" anamuuliza.

"Mimi nimeshamzika mara mbili, mdogo wangu. Ya tatu sitaki."

"Sitamuua mtu."

"Hata Alhamisi hukupanga kumuua mtu."

Chapchap anainama kwenye daftari, anachora ukuta, anachora mlango, anampelekea. Dada anafuta mikono kwenye gauni, anaipokea karatasi, anaiangalia muda mrefu.

"Huu mstari wa chini ni nini?"

"Kizingiti."

"Hakuna kizingiti hapo. Tulikikata, magurudumu yapite." Anamrudishia. "Kifute."

"Ni wino, dada."

"Basi chora upya," anasema. "Na usiende chapchap."

Anaokota beseni lake tupu, anamgeuzia mgongo, anapanda mteremko wa saruji na kuingia jikoni.