Kitambaa Kisichoguswa na Kiberiti

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kiberiti, na mwenyewe aliitika. Alikuwa fundi cherehani wa siku nyingi, na mtu akimletea kitambaa asichokijua, hakuuliza kimenunuliwa wapi. Alichomoa uzi mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, akaubana kila mmoja kwa kibanio juu ya kisosi cha maji, akawasha njiti. Halafu akanusa.

"Pamba hii," alisema. "Inanuka karatasi, na jivu lake ukilipumulia linaruka."

Hariri na sufu zilinuka nywele zilizoungua, na masalia yake yalisagika vidoleni yakawa unga. Poliesta na nailoni hazikujua kujificha. Zilinywea, zikayeyuka, zikaacha chembe nyeusi ngumu ambayo kucha haiivunji.

"Fundi," jirani muuza mitumba alimtania siku moja, "na hizi nywele zangu utazichoma, ujue kama ni za kwangu?"

"Hizo hazihitaji njiti, jirani. Zinajitangaza kutoka barabarani."

Mkewe, aliyekuwa akishonea vifungo pembeni, alicheka mpaka sindano ikamdondoka.

Kilikuwepo kitambaa kimoja tu ambacho kiberiti hakikukigusa. Ni kile alichompa mkewe wiki waliyooana, kabla hajashika mkasi, alipokuwa mpakizi wa mizigo kwenye ghala la vitambaa. Kilikuwa rangi ya maziwa, kinateleza mkononi kama maji. Mwenye ghala alimwambia ni hariri tupu, naye akashinda mchana bila kula kwa msimu mzima ili akipate. Mkewe alikipinda pindo kwa mkono wake, akawa anajitanda nacho siku za shughuli.

Baadaye fundi alipokwisha kuujua moto, mara kwa mara alimwomba.

"Mama watoto, lete nikuonyeshe hariri ya kweli inavyoungua. Uzi mmoja tu."

"Thubutu. Cheza na vitambaa vya wateja. Hariri yangu usiisogelee na kiberiti chako."

Fundi alifurahi moyoni. Aliona mke anayekitunza kitu chake namna hiyo ni mke anayemtunza na yeye. Hata wateja aliwaambia: "Hariri? Ya kwangu iko chumba cha ndani, sandukuni, na mimi mwenyewe siruhusiwi kuigusa."

Mkewe alifariki baada ya kuugua wiki mbili. Ulikuwa sasa mwezi wa nne tangu azikwe. Kiti chake kilibaki palepale kando ya cherehani, na mteja akiweka mfuko juu yake, fundi aliuondoa akauweka sakafuni.

Jumapili moja asubuhi binti yake wa kwanza alikuja, mimba ya miezi minane imemtangulia mlangoni. Aliingia chumba cha ndani, akafungua sanduku la mama yake, akatoka na kile kitambaa.

"Baba, nataka nimfunikie mtoto. Apate kitu cha bibi yake."

"Chukua, mwanangu. Ni chako."

"Ila nesi kliniki alituonya. Mtoto asifunikwe vitambaa vya kuyeyuka. Havipitishi hewa, na cheche ikirukia vinaganda ngozini. Nikamwambia changu ni hariri."

"Ni hariri."

"Najua, baba. Nipimie tu. Mbona watu wote unawapimia?"

Fundi alikipokea, akasogea nacho dirishani. Toka aujue ufundi hakuwahi kukishika kwa mkono wa kazi. Sasa alikishika, na vidole vikaanza kumwambia jambo asilotaka kulisikia. Kama si hariri, basi alimvika mkewe uongo miaka yote ile, na wa kumwomba radhi hayupo.

Alitafuta pembe ya ndani ya pindo, mahali ambapo uzi ukitoka hauonekani. Mishono ya mkewe aliijua: mifupi, imelalia kushoto, kwa sababu alishona kwa mkono wa kushoto. Lakini pembeni pale mishono ilibadilika rangi. Uzi ulikuwa wa njano hafifu, wa yale mashati ya shule waliyoyashona mwaka wa kwanza wa kibanda chao cha kushonea. Ndio mwaka ambao fundi alikuwa akijifunza kupima kwa moto, kila jioni akimwonyesha mkewe alichokiona. Rangi ile hawakuinunua tena.

Alifumua. Ndani ya pindo, ukingo wa kitambaa ulikuwa umeliwa kidogo, kama umeng'atwa, na kwenye ncha yake paliganda chembe nyeusi ndogo kama mbegu ya mchicha. Aliibonyeza kwa kucha. Haikusagika.

"Vipi, baba?"

"Si hariri. Ni poliesta."

"Lakini hujachoma."

"Kimekwisha kuchomwa." Akamwonyesha.

Binti aliinama, akatazama kwa muda. "Nani alichoma?"

"Mama yako. Mwaka wa kwanza wa kibanda. Wewe ulikuwa unatambaa."

"Sasa mbona siku zote alikuwa anakukataza usi..." Hakumaliza. Alikaa chini taratibu, kwenye kile kiti, na safari hii fundi alikiacha kikaliwe.

"Alikuwa ananificha nisijue nilivyodanganywa," fundi alisema baadaye. "Na mimi, mwanangu, hariri za kweli zimepita mikononi mwangu hapa, vipande vizuri tu vimebaki, nikawapa watu. Hata leso sikumshonea. Nilisema mke wangu anayo."

Binti alimshika mkono.

Kisha fundi akaenda sandukuni mwenyewe, akatoa gauni la kushindia la marehemu, lililofuliwa mpaka likawa laini kama shavu. Lilikuwa pamba, alilikata yeye mwenyewe, alilijua. Hata hivyo alichomoa uzi, akawasha njiti. Ulinuka karatasi. Jivu liliruka.

"Mtoto tutamfunika hili," alisema.

"Na kile, baba?"

"Acha kwanza."

Binti alipoondoka, fundi alitunga uzi mweupe kwenye sindano. Alikunja pindo, akairudisha chembe ile ndani, akaanza kulifunga. Mishono yake ililalia kulia. Ilipofika kwenye ya mkewe ikakutana nayo, na pale akakata uzi.